Janti Nyeusi za Marume

Msichana anayenitengeneza kucha kule Keshero alifungua chupa ya aseton, na kabla hajalowesha hata pamba, mkono wangu ulikuwa umeshajirudisha kifuani. Akashtuka. "Mama, nimekuumiza?" Nikamwambia hapana, endelea tu. Lakini harufu ilikuwa imeshaingia, ile harufu baridi inayopanda puani kama sindano kisha inaacha utamu mbaya kooni, nami sikuwa tena kwenye kiti chake chekundu. Nilikuwa nimeketi juu ya jiwe la volkano, katika ua wa Marume, mtaani Mapendo, nimebana janti, chuma cha gurudumu la gari, katikati ya miguu kama mama anayemwogesha mtoto mkorofi.

Wenzangu tuliokua pamoja mjini hapa Goma, tukikutana kwenye harusi na matanga, hukumbushana kuruka kamba, foleni ya maji na madumu ya njano, vumbi jeusi lililotuingia mpaka kwenye meno. Nacheka nao. Hayo yote niliyaona, ila niliyaona kupitia tundu za geti. Utoto wangu mwingi nilikuwa nimeinama juu ya magurudumu ya magari ya watu wengine, nikiyaondolea mng'ao wake.

Kwetu ni Kibumba, kule juu kwenye baridi, ambako asubuhi huwezi kumwona ng'ombe wa jirani kwa ukungu, unamsikia tu akipumua. Baba alikufa kabla sijaijua sura yake. Mama alilima viazi na karoti katika shamba alilomwachia, na tulikuwa tunakula. Halafu tumbo likaanza kumuuma. Alikuwa akilima huku mkono mmoja ameushikilia ubavuni, na mwisho akawa halimi tena, anatuelekeza tu kwa kidole kutoka mlangoni.

Ndipo akaja Marume. Sisi tunaosema Kinyarwanda ndivyo tunavyomwita kaka wa mama, na sijawahi kumwita kwa jina lingine hata leo. Alikuja na gari la kuazima, amevaa koti la ngozi, akaketi kitandani kwa mama akamshika mkono. Nilikuwa nyuma ya mlango nikisikiliza.

"Dada, shamba tuliuze," alisema. "Nitakupeleka hospitali kubwa, batakupasua, utapona. Ukipona, tutanunua lingine. Na hawa batoto, nipe niende nabo Goma kwanza. Weye utawezaje kubalisha na uko hivi?"

Mama akasema, "Ni weye kaka yangu. Nitamuamini nani?"

Riziki, dada yangu, alikuwa msichana mkubwa tayari, amempita mama kimo. Mimi nilikuwa bado nang'oka meno ya mbele. Mama alitusimamisha mlangoni akatufunga vitambaa kichwani, mmoja mmoja, akavikaza mpaka vikauma. Alimwambia Riziki, "Usimwachilie mudogo wako mukono." Riziki hakuniachilia. Alinishika tangu Kibumba mpaka tuliposhuka Mapendo, na kiganja chake kilikuwa kimelowa.

Marume alikuwa mpaka rangi wa magari. Siku zile alikuwa na pampu na ndoo tu, kama wengine. Lakini hatukukaa sana kwake kabla ya mafundi kuja kuchomelea kitu kikubwa nyuma ya nyumba: kabati la chuma refu kuliko mtu, lenye milango miwili na moto wa gesi chini yake. Aliliita furu. Alileta pia bunduki ya umeme, isiyotoa risasi bali unga laini wa rangi. Vijana wenye magari walikuwa wameanza kuchoka na janti zinazong'aa, wakawa wanataka nyeusi, nyeusi isiyo na mwanga kama kitako cha sufuria. Katika Goma nzima, Marume alijisifu, hakuna mwingine anayepaka rangi ya unga na kuioka. Watu walikuja kuliangalia furu lake. Alikuwa akiligonga kwa kofi kama mtu anayemgonga fahali wake mgongoni.

Siku ya kwanza alitupangia janti chini, zote zinang'aa kama maji ya ziwa saa sita. Nikainama juu ya moja nikaona uso wangu, umevutwa kidogo pembeni, na kitambaa cha mama kichwani. Riziki naye akainama. "Angalia," akaninong'oneza. "Hapa tunafanana na mama." Na kweli, janti ile iliturefusha mashavu, ikatupa macho yake.

Marume alitutupia vipande vya msasa. "Munaona vile ziko nang'ala? Nataka zife. Unga haushikane na kitu kinachong'ala, unateleza tu, kesho unabanduka. Mukwaruze mpaka mukijiangalia musijione. Nikikuta hata kidogo kinachoangaza, hamukule."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yetu. Yeye mwenyewe alizipaka kwanza dawa nzito ya kutoa varnishi, tuliyoiita dekapa, kwa brashi ndefu na glavu nene nyeusi zilizomfika kwenye viwiko; akazimwagia maji; kisha akatuachia. Tulikwaruza kwa msasa na maji, kwanza ule mkali, halafu ule laini. Riziki alifanya uso wa janti na mimi nikafanya katikati ya mikono ya janti, vile vyuma vinavyotoka kitovuni, kwenye kona ambazo kidole cha mtu mzima hakiingii. Maji yalikuwa yanageuka kijivu, halafu meusi, halafu yanatoka na wekundu kidogo, hapo tunajua msasa umekula ngozi. Nilikuwa nikiitazama sura yangu ikififia. Kwanza yaliondoka macho, mdomo ukafuata, na mwisho kilibaki kivuli tu, halafu chuma. Mwanzoni nililia kila uso ulipoondoka. Baadaye nikazoea, kama mtu anavyozoea kuchinja kuku.

Zikishakufa, Marume alizitia kwenye furu tupu bila rangi, zichemke. Chuma, alituambia, kinaficha mafuta ndani yake, na yasipotoka mapema yatatoka baadaye yatoboe rangi. Zikapoa, tukazifuta kwa aseton mpaka kitambaa kibaki cheupe. Hapo ndipo alipotuletea glavu nyeupe za pamba, safi, zina harufu ya sabuni.

Nilipozivaa mara ya kwanza nilimpenda Marume. Nasema hivyo bila aibu. Vidole vyangu vilikuwa vimechanika, na nilifikiri amevihurumia. Zilikuwa kama glavu za watoto wa komunio ya kwanza. Nikamwambia, "Asante, Marume." Akanitazama kama mtu aliyesikia mbuzi akisalimia.

"Unafikiri ni juu ya mikono yako?" akasema. "Ni juu ya janti. Ngozi iko na mafuta. Ukigusa tu, umechafua."

Mkewe, Mama Ester, alicheka akiwa jikoni. Hakuwa mtu wa kupiga. Alikuwa na mtoto mmoja, Ester, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kukaa, na alimpaka mafuta mara nyingi mpaka mtoto akawa anateleza. Sisi alitupa bugali baada ya wengine kushiba, na kila jioni alikuwa akituangalia mikono, si kuona kama tumeumia bali kuona kama ni safi ya kutosha kushika sahani zake.

Mwanzoni tuliuliza habari za mama kila siku. Marume alikuwa na jibu moja. "Yuko hospitali. Anapona pole pole. Mukimaliza hizi janti vizuri, gari itaenda kumuleta."

Nami nikalichukua neno lile kama lilivyo. Nilidhani janti tunazotengeneza ndizo za gari litakalokwenda kumchukua mama. Janti zikitoka kwenye furu, nyeusi, zina joto, zimening'inia kwenye ndoano kama nyama, nilikuwa nikizihesabia mwendo: hizi zitapita Kibati, hizi zitapanda mlima, hizi zitasimama mlangoni kwetu. Mwenyewe alipokuja kuzifunga kwenye gari lake akaondoka, nilikwenda kwenye geti nikangoja arudi na mama. Gari halikurudi. Nikajiambia, basi, kuna mahali sikukwaruza vizuri. Nikakwaruza zaidi. Riziki alikuwa akinitazama nikifanya hivyo. Wakati mwingine alininyang'anya msasa akamalizia kona zangu, kwa hasira, kana kwamba janti imemtukana.

Halafu akaja Mama Noela. Alikuwa mwanamke wa Kibumba, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, aliyeshuka na lori la kabichi na karoti kuja kuuza mjini. Siku hiyo Mama Ester alitutuma barabarani tununue kitunguu, nasi tukamkuta amekaa nyuma ya rundo lake. Alipotuona alisimama, akajifuta mikono kwenye kitenge, akatukumbatia wote wawili pamoja. Alinukia udongo wa kwetu, nikataka kulia kwa furaha.

"Batoto wa maskini," alisema. "Na hamukukuja. Tulibangoja. Tukasema labda njia imefungwa, labda kuna vita. Marume wenu hakuwaambia?"

"Kutuambia nini?" Riziki aliuliza.

Mama Noela alinitazama mimi, kisha akamtazama Riziki. Akashusha sauti. "Mama yenu alipumuzika. Wakati wa kupanda, ule mvua ilinyesha sana. Kule kule nyumbani, kwa kitanda chake. Hakuna hospitali aliyofika."

Alipumuzika. Nilimjua mama yangu: hakuwahi kupumzika. Alilima akiwa na homa, alipika amesimama, hata Jumapili alichambua maharage. Kama amepumzika, basi ameacha kazi, amelala, tumbo limetulia, anapona. Niliruka nikapiga makofi. Mama Noela akageuza uso wake upande mwingine. Riziki alinishika mkono, akasahau kitunguu, tukarudi. Alikuwa anatembea haraka mpaka nikawa nakimbia.

Njiani nilimwuliza, "Akishapumuzika vizuri atakuja?"

"Nyamaza," akasema. Kisha baada ya nyumba kadhaa akasema tena, kwa sauti nyingine kabisa, "Nyamaza, mudogo wangu."

Nilifika getini nikapiga kelele kabla hata sijaingia. "Mama Ester! Mama amepumuzika! Mama Noela ametuambia!"

Mama Ester alikuwa akimpaka Ester mafuta kwenye mkeka. Mikono yake ilisimama juu ya tumbo la mtoto. Alitazama upande wa furu, ambako Marume alikuwa ameinama chini ya milango akiwasha gesi. Yeye naye alisikia. Niliona mgongo wake ukikauka. Hakugeuka.

"Ndiyo," Mama Ester alisema mwishowe. "Amepumuzika. Ni vizuri. Sasa murudilie kazi, patroni wa zile janti atakuja."

Wakati ule sikuona kitu. Leo naiona sura ya Riziki kama nipo pale: alikuwa akilitazama lile furu. Si Marume aliyekuwa akimtazama, ni furu lenyewe, milango yake, ndoano zake, chuma chake kipya. Alilitazama jinsi unavyomtazama mtu aliyevaa nguo ya mama yako. Alikuwa ameelewa shamba lilikwenda wapi.

Janti zilizokuwa zikingoja zilikuwa za mfanyabiashara mmoja, mtu mnene mwenye sauti laini, ambaye mwanawe alikuwa anaoa Jumamosi. Alitaka gari la maharusi liwe jeupe na janti nyeusi. Tulikuwa tumeshazikwaruza na kuzichemsha, na asubuhi iliyofuata tulizifuta kwa aseton mpaka kitambaa kikabaki cheupe. Zililala juu ya turubai, kijivu, safi kama sahani za altare. Marume alikuwa ndani anabishana kwa simu na muuza gesi.

Riziki alivua glavu zake nyeupe. Akaingia nyumbani, akatoka na chupa ya mafuta ya Ester. Akajimiminia viganjani, akasugua, kisha akaweka mikono yake yote miwili juu ya janti ya kwanza, vidole vimetanuka, akakandamiza kama mtu anayemzuia mwingine asiamke. Akafanya ya pili. Akageuka.

"Toa glavu zako," akaniambia.

"Marume atatupiga."

"Toa."

Alinimiminia mafuta, yalikuwa ya uvuguvugu na yananukia mtoto. Akanishika vifundo vya mikono akaiweka juu ya chuma. Ulikuwa ubaridi mtamu kwenye vidole vyangu vilivyochanika. Nilicheka. Nilifikiri ni mchezo, nilifikiri tunamwekea mama alama ili aone kwamba ni sisi tuliozitengeneza. Tukaenda hivyo, janti baada ya janti. Mafuta yalikuwa hayaonekani. Ukiinama tu ndipo unaona kama pumzi juu ya kioo.

Tukavaa glavu zetu tena. Marume akatoka, ana haraka na hasira ya simu, akazining'iniza, akawasha bunduki yake. Ule unga mweusi ukatoka kama moshi ukazifunika zote, akazisukuma ndani ya furu, akafunga.

Nakumbuka alipofungua. Mfanyabiashara alikuwa ameshafika, amesimama na funguo zake mkononi. Joto lilitupiga usoni, na harufu ya kitu kilichoungua ambayo haikuwa ya kawaida. Marume alivuta chuma cha ndoano nje. Janti zilikuwa nyeusi vizuri, kama alivyoahidi, na juu ya kila moja kulikuwa na mikono. Pale mafuta yalipokuwa, unga ulikuwa umekimbia na kukunjamana pembeni, na chuma kilikuwa kinachungulia katikati. Viganja, vidole vyote, mikubwa na midogo, kana kwamba kuna watu walikuwa ndani ya furu wakisukuma watoke.

Mfanyabiashara alijifanyia ishara ya msalaba. "Ni nini hiki?" akasema kwa ile sauti yake laini. "Mutoto wangu ataoa na gari la bachawi?"

"Ni kosa la kazi, patroni. Nitarekebisha."

"Harusi ni Jumamosi. Miye sitaki maneno." Akaondoka.

Marume hakupiga kelele. Alizingoja zipoe kidogo. Kisha akasema, "Mukuje hapa." Akaushika mkono wa Riziki akaulaza juu ya alama kubwa. Ukaenea sawasawa. Akachukua wangu akaulaza juu ya ndogo. Chuma kilikuwa bado kina moto, nikauma mdomo.

"Yote ni mikono yangu," Riziki alisema.

"Kumbe mikono yako inapunguka na kuongezeka?" Akatabasamu. Nilikuwa bado sijawahi kumwona akitutabasamia. "Juu ya nini umefanya hivi?"

"Unajua."

"Sema."

"Uliuza shamba. Ukanunua kile." Alilionyesha furu kwa kidevu. "Na mama hakupelekwa mahali."

Mama Ester alimwinua mtoto akaingia ndani, akafunga mlango. Marume alitikisa kichwa taratibu kama mtu anayekubaliana na jambo. Akaenda kuleta ndoo ya dekapa. Akaifungua kifuniko. Ile hewa yake ikanifanya nikohoe.

"Sawa," akasema. "Mulichafua kwa mikono, mutasafisha kwa mikono. Hakuna brashi. Hakuna glavu. Munachota, munapaka, munasugua mpaka rangi yote itoke. Zote. Na mudogo aanze."

Nilinyoosha mkono. Nilikuwa mtoto mtiifu. Riziki alinisukuma kwa kiuno, nikaanguka kwenye mawe nikachubuka goti, na nilipoinuka alikuwa ameshaitia mikono yake yote miwili ndani ya ndoo.

Sitasimulia kila kitu. Dekapa haiunguzi kama moto. Inaanza baridi. Riziki alichota akapaka, akachota akapaka, na ile rangi nyeusi ikaanza kukunjamana na kubanduka kama ngozi ya maziwa. Alipofika janti ya pili alianza kutoa sauti puani, ndogo, kama mtu anayeimba asisikike. Marume alikuwa ameketi kwenye dumu, anakula njugu. Alimwonyesha mahali alipoparuka bila kusugua: "Hapo, chini ya kile kimukono. Hapo tena." Nilimwomba aache. Nilimwita Marume, nikamwita baba, nikamwambia nitakwaruza janti zote za Goma peke yangu. Alinipa njugu.

Alizimaliza. Hilo ndilo jambo ambalo mpaka leo linanikosesha usingizi: alizimaliza zote, na vizuri. Kisha akainuka, mikono ameiweka mbele yake kama kitu cha mtu mwingine alichoombwa akishike, akaenda kwenye pipa la maji akaizamisha, na hapo ndipo alipopiga kelele.

Mama Ester alimpeleka zahanati siku ya pili, mikono ilipokuwa imevimba mpaka vidole havijulikani. Nilikwenda nao. Alimwambia muuguzi kwamba mtoto amejimwagia maji ya moto ya kupikia sombe. Muuguzi alitazama mikono, akamtazama Mama Ester, akatazama foleni nyuma yetu. "Batoto babaya hawa," akasema, "hawaangaliake." Akaifunga bendeji.

Marume alipata vijana wawili wa kuzikwaruza upya zile janti, na gari la harusi lilipita barabara kubwa likipiga honi. Nililiona kupitia tundu la geti. Riziki alikuwa amelala kwenye mkeka. Hakuweza kushika kijiko, nikamlisha. Baada ya wiki Marume alisimama juu yetu wakati nikimlisha.

"Mikono isiyotumika haikule," akasema. "Mutafute kwenu."

Hatukuwa na mzigo. Tulimkuta Mama Noela anasubiri lori lake lijaze watu. Aliona bendeji, akatupandisha juu ya magunia matupu. Njia nzima nilikuwa na furaha. Nasema ukweli. Hewa ilipoanza kuwa baridi nilisimama juu ya magunia nikaanza kuitaja miti. Nilikuwa nimepanga nitakachomwambia mama kwanza, na nilikuwa nimeamua nisimwambie habari ya mikono ya Riziki mpaka ale. Riziki alikaa ameegemea ubavu wa lori, macho yamefungwa. Mara moja tu alisema, "Mudogo wangu, nisikilize," nikamsikiliza, akashindwa, akageuza kichwa.

Nyumba yetu ilikuwa na mlango mpya. Nilikimbia nikagonga, akatoka mwanamke nisiyemjua, mzee kidogo, ana jembe begani. Nyuma ya nyumba shamba lote lilikuwa la kijani, viazi vimepandwa kwa mistari iliyonyooka kuliko ya mama.

"Mama yuko wapi?" nikamwuliza.

Alielewa upesi sisi ni nani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameuziwa shamba, amelilipia, analilima. Akanyoosha kidole katikati ya mistari, ambako palikuwa na msalaba wa mbao mbili, viazi vimeufika kiunoni.

"Ni pale," akasema. "Mupite kwa mutaro. Musikanyage viazi."

Nilimgeukia Riziki anieleze. Alitaka kunishika mkono, akakumbuka hana wa kunishikia, akanizungushia kiwiko shingoni. Tukapita mtaroni, mmoja mbele ya mwingine, tukivuta sketi zetu zisiguse majani. Hapakuwa na nafasi ya kupiga magoti. Tulisimama.

Yule mwanamke alituacha tulale katika banda la jembe na mbegu, kisha akatuacha tukae. Nililima naye. Vidole vya Riziki vilipona vimejikunja, na havikunyooka tena. Leo ana watoto watatu, nami ndiye ninayewasuka nywele, kwa sababu yeye hawezi kushika unywele. Marume bado yuko Mapendo. Furu lake ni kubwa zaidi sasa, na watu humsalimia.

Msimu ule wa mavuno yule mwanamke alijaza magunia yake akayapeleka barabarani. Viazi vya ule mstari wa karibu na msalaba alivitenga. Alisema hawezi kuviuza, watu wa Kibumba wanajua vimetoka wapi, na yeye mwenyewe havimpiti kooni. Akavimwaga mbele ya banda letu, rundo zima, vikubwa, vyenye udongo mbichi.

Riziki alivitazama. Nami nilimtazama Riziki. Kisha akavisukuma kwa mguu kwenye majivu ya moto, na vilipoiva nikammenyea.

Tulikuwa na njaa. Vilikuwa vitamu.